Bisikwi na Beseni la Buluu

Karibu kila asubuhi lori la dreshi hupita mbele ya bohari letu kule Zone Industrielle, eneo la viwanda hapa Buja, sisi wafungashaji wa sabuni tukiwa bado getini tunangoja kufunguliwa. Dreshi ni machicha ya nafaka yanayobaki baada ya bia kupikwa. Maji yake yanachuruzika barabarani, na harufu inatufikia kabla ya lori lenyewe: uchachu wa moto moto, kama uji uliosahauliwa juani. Wenzangu wanaziba pua. Mimi navuta.

"Mutazameni huyu," hupenda kusema dada mmoja ninayefunga naye maboksi. "Siye tunakufa, yeye anavuta kama parfe!"

Wacha anicheke. Kwangu hiyo ni pumzi ya Bisikwi, na Bisikwi, rafiki yangu, alikuwa ng'ombe.

Ni dada huyo huyo aliyeniponza mwaka huu. Kuna vijana wa mtaa wa Kinanira anaofahamiana nao, ambao Jumamosi hupanda vilima na mabegi mgongoni kwa kujifurahisha tu. Kiangazi kilipokaribia wakaanza kutamani safari ndefu, ya kulala njiani, ya kuvuka milima yote mpaka mito ya upande wa pili. Dada akawaambia, huyu wetu alishaenda huko kwa miguu akiwa mtoto. Wakanipigia simu. "Njia unaijua?" Nikajibu ndiyo kabla sijafikiri, ndivyo nilivyo. Kisha nikakaa kitandani, nikafumba macho nione kama kweli naijua, na badala ya njia nikaona kwato nne na mkia.

Kwetu ilikuwa Kanyosha, nyumba ya matofali mabichi na nyuma yake zizi la miti ya mikaratusi. Mama alitoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, na aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni. Ndiyo maana nyumbani tulisema Kiswahili. Hata bibi, mama yake baba, aliyezaliwa milimani na Kirundi chake kizito, alikisema kwa ajili ya mkwe wake. Baba alifariki nikiwa mdogo sana. Mwanaume wa nyumba alikuwa baba mdogo, kinyozi, mwenye saluni ya mabati kando ya barabara na viatu vyenye ncha alivyovipangusa kila siku kabla hata ya kunawa uso.

Ng'ombe tulikuwa naye kwa sababu ya rafiki wa babu. Miaka ya vurugu ilipokwisha, babu na bibi walirudi Kanyosha wakiwa hawana hata jembe. Rafiki huyo, mzee wa milimani kule karibu na mto Ruvyironza, aliposikia, akawatumia ng'ombe mwenye mimba. Alimtoa tu, bila bei. Na kwetu Burundi mtu akikupa ng'ombe namna hiyo, siku moja unamrudishia mtamba, ng'ombe jike kijana aliyetoka katika tumbo la yule yule, na unaenda naye kwa pombe na kwa kicheko. Hakuna anayekuja kukudai. Ndiyo maana inauma usipofanya.

Babu alikunywa maziwa yale mpaka mwisho wake. Bibi alisema kila asubuhi, kabla ya kikombe kufika mdomoni, babu alilitaja jina la rafiki yake. Akafa wakati ndama wote waliokuwa wamezaliwa ni madume. Kisha, kana kwamba alingoja babu aondoke, akazaliwa jike mwenye rangi ile ile ya biskuti za dukani. Nikamwita Bisikwi, kama tunavyoziita biskuti sisi watu wa Buja, na mtu yeyote asingeweza kunibadilisha.

Nilimlea mimi. Baada ya shule nilizunguka kwa majirani kukusanya maganda ya ndizi na majani ya lengalenga, yaani mchicha, yaliyokauka pembeni. Dreshi ililetwa na mtu wa baiskeli, gunia likidondoka matone nyuma yake kutoka mjini hadi kwetu. Maji niliyachota bombani, nikayamimina kwenye beseni la buluu, nikatia chumvi kidogo kati ya vidole viwili na kuita: "Njoo mama, njoo. Maji haya ni yako." Alikuja akipuliza pua. Kazi za shule nilizifanya humo humo zizini, nimeegemea ubavu wake, nikisikia tumbo lake likinguruma kama lori linalopanda mlima. Daftari zangu zote zilinuka. Mwalimu alinihamishia karibu na dirisha, akasema ni kwa faida ya darasa zima.

Basi siku moja, likizo kubwa ikiwa imeanza, muuza viazi kutoka milimani akamwambia mama sokoni kwamba rafiki wa babu anaumwa, hatoki tena kwenye uwanja wake, na kwamba anauliza kama watu wa Kanyosha wako wazima. Bibi alikuwa anachambua maharage. Akaacha. Akasema, "Tunapanda."

"Bon, nitatafuta lori," baba mdogo akasema.

"Lori? Ngombe ya shukrani apana panda lori. Anatembea, anakula majani ya njia, watu wanamuona. Bila vile watajua namna gani kama siye hatukusahau?"

"Mama, kule ni mbali! Na hii ngombe haijavuka hata mufereji ya mbele ya nyumba."

"Basi ataanza na ule mufereji."

Mimi sikutakiwa kwenda. Lakini asubuhi ya safari baba mdogo alipovuta kamba, Bisikwi alifika mbele ya saluni akalala chini katikati ya barabara, akawa anatafuna hewa. Baiskeli zikasimama. Watu wakakusanyika.

"We kinyozi," akapaza sauti muuza mikate, "munyoe kwanza, ndo atatembea!"

Baba mdogo alisukuma, alibembeleza, alitukana kwa Kifaransa. Mwishowe nikaenda, nikamgusa shingo, nikamwambia njoo mama, njoo. Akasimama. Bibi alinitazama, akamtazama mama. Mama alichukua begi langu la shule, akamwaga daftari kitandani, akajaza viazi vitamu, chumvi, sweta na mfuko wa ndagala wakavu wa kupelekea watu wa milimani. Kamba za begi zilinikata mabega kabla hatujatoka mtaani.

Nikuambie ukweli wa moyo wangu siku ile. Nilifurahi kwa sababu nilikuwa naye, na nilijua vizuri kwamba kila hatua ilikuwa ya kumpeleka mbali nami. Kwa hiyo niliomba. Niliomba tu kitu chochote kitokee njiani, kitu kisichoumiza mtu, ili turudi naye nyumbani.

Tulifuata bonde la mto Mugere kisha tukaanza kupanda. Njia ilikuwa nyekundu na nyembamba, vumbi lake laini kama unga. Mbele alitembea bibi, kikapu kichwani na ndani yake kibuyu cha pombe ya ndizi kilichozibwa kwa majani, fimbo mkononi, kama mtu anayekwenda harusini. Kisha mimi na Bisikwi. Nyuma baba mdogo na begi kubwa la kuazima, viatu vyake vyenye ncha, na kwa sababu anayoijua mwenyewe, kioo chake cha saluni kimefungwa kwa khanga. Kila tulipogeuka ziwa lilikuwa limeshuka chini zaidi, linang'aa kama bati jipya, na Buja imekuwa punje punje tu pembeni yake.

Watu walisimama mashambani kutuangalia. "Amashyo!" walisema, salamu ya kumtakia mtu makundi ya ng'ombe. Bibi alijibu, kisha akatua kikapu na kueleza yote tangu mwanzo: vita, babu, yule mzee, yule ng'ombe wa kwanza. Kila kilima alieleza upya. Kila kilima walipiga makofi taratibu na kutuonyesha njia ya mkato. Baba mdogo alilalamika kwamba tungeshafika kama bibi angekuwa bubu.

Wachunga ng'ombe walicheka walipomuona Bisikwi akiogopa nyasi. Ndiyo, aliogopa nyasi! Zilimgusa tumbo akaruka. Na waliposikia ninavyomsemesha, wakaishiwa nguvu kabisa. Kule juu hakuna anayesema Kiswahili. "Ng'ombe wa Kiswahili!" wakaitana kutoka kilima hadi kilima. "Njooni muone ng'ombe wa Kiswahili!"

Jioni tulifika kwenye kijito, maji meupe yanapita juu ya mawe, baridi yake unaisikia kabla ya kuyagusa. Bisikwi alikuwa na kiu, ulimi nje. Nikampeleka ukingoni. Akanusa, akarudi nyuma. Nikamvuta tena, akapanda juu ya ukingo akatetemeka, macho yamemtoka. Maji yaliyokuwa yanatembea! Alikuwa hajawahi kuona. Kwake yeye maji ni kitu kinachokaa kimya ndani ya beseni la buluu.

Na beseni tulikuwa tumeliacha ukutani, Kanyosha.

Baba mdogo alikaa kwenye jiwe, akashika kichwa. "Chumvi tumeleta. Ndagala tumeleta. Mi nimeleta mpaka kioo! Beseni, apana."

"Mi nimezaliwa mu mulima hii," bibi akasema polepole, "sijaona ngombe ya kuogopa muto."

Nilimwaga viazi kutoka kwenye sufuria yetu moja, nikachota maji, nikatia chumvi, nikaita. Akaja. Akanywa, pua yake ikiwa imebanwa na kingo za sufuria, akapuliza, akanilowesha kifua chote. Nikachota tena, na tena, mpaka mikono ikafa ganzi. Alikunywa kwa mkono wangu tu. Baba mdogo alipojaribu kushika sufuria, aligeuza kichwa kama mtoto anayekataa dawa.

"Sasa mama, kule nani atabaki kumushikia sufuria?" baba mdogo akauliza. "Watamupokea namna gani ngombe ya kufa na kiu pembeni ya muto? Tumurudishe. Tutaleta mwingine."

Moyo wangu uliruka, nakuambia. Nikainamisha uso kwenye shingo ya Bisikwi wasinione.

"Mwingine atazaliwa lini?" bibi akajibu. "Na ule mzee, unafikiri atatungoja?"

Tulilala kwa familia moja iliyotupa maharage na moto, na asubuhi tukaendelea kupanda, kwa sababu bibi alianza kutembea na sisi tukamfuata.

Ile milima, rafiki yangu! Ukidhani umefika juu, unakuta ulikuwa kwenye goti lake tu. Tulipita mashamba ya majani chai yaliyonyooshwa kama nywele zilizochanwa, tukapita misitu ya mikaratusi iliyonuka kama chumba cha mgonjwa, ukungu ukaja ukatufunika hata nikawa namjua Bisikwi kwa kumgusa tu. Baridi iliniingia masikioni. Viatu vya baba mdogo vilifungua midomo, kimoja kisha kingine, akavifunga kwa kamba ya migomba, halafu akavitundika shingoni na kutembea miguu mitupu. Lakini kioo chake kilitusaidia. Kila tulipolala alikitundika mtini, akatoa mkasi, akanyoa wazee na watoto wa nyumba ile, na wao wakatuletea viazi vya moto vilivyochomwa na maganda yake, mbaazi, na maziwa ya mgando ndani ya kibuyu kilichofukizwa moshi. Utamu ule sijaupata tena. Tuliondoka kila mahali tukiacha vichwa vinavyong'aa.

Kwenye mgongo wa milima bibi alisimama, akanyoosha fimbo nyuma. "Mvua ikianguka huku, maji yanarudi kwetu, mu ziwa." Akanyoosha mbele. "Ikianguka kule, yanaenda mbali, mpaka Misri." Nikamweleza Bisikwi. Nilimwambia pia kwamba Misri ni mbali sana na sisi hatufiki huko.

Jioni ile tulipata nyumba ya mjane mmoja, na mimi ndiye niliyemwosha bibi miguu. Maji ya uvuguvugu na chumvi, kisha mafuta ya mawese. Nikafungua vitambaa alivyokuwa amejifunga. Vidole vilikuwa vimevimba na kuchubuka, kisigino kimoja kimepasuka mpaka ndani. Alikuwa ametembea hivyo akiwaeleza watu hadithi yake kwa kicheko.

"Bibi, inauma?"

"Inauma, mwanangu."

"Tungerudi."

Alinishika kidevu na mkono wake uliojaa mawese. "Babu yako alitaka kuja yeye. Alisema, siku ile nitavaa koti yangu. Koti tulimuzika nayo. Sasa miguu iliyobaki ni hii yangu." Akacheka kidogo. "Na nikisimama mbele ya ule mzee mikono mitupu, nitasema nini? Eti ngombe ilikataa maji?"

Nilikwenda kulala karibu na Bisikwi, kwenye nyasi kavu. Nilimkumbatia na nikafikiri kwa namna mtoto anavyoweza kufikiri. Ningeweza kuendelea kumshikia sufuria mpaka mlangoni kwa yule mzee, na pale kila mtu angeona hafai, turudi naye. Nisingekuwa nimemfanyia mtu ubaya wowote. Lakini kila nilipofumba macho niliona kile kisigino.

Asubuhi, kijito cha kwanza, sikuinua sufuria mikononi. Niliiweka chini kwenye changarawe. Bisikwi alinitazama, akangoja, kisha akainama. Kijito kilichofuata niliiweka pale maji yanapoishia, yakilamba sufuria kwa nje. Alisitasita, akanywa. Baba mdogo aliuliza nafanya nini, bibi akamfinya mkono anyamaze. Kutwa nzima hiyo, na kesho yake, kila tulipokutana na maji, hata kama ni ya kuruka tu, tulisimama na kila mara niliisogeza sufuria ndani kidogo. Mguu wake wa kwanza ulipoguswa na maji yanayotembea alikurupuka, akanikanyaga. Nikalia, nikaanza tena. Njoo mama, njoo. Maji haya ni yako.

Halafu tukafika Ruvyironza. Kiangazi kilikuwa kimeupunguza, lakini kwangu ulikuwa mpana na wa kijani, unapita kimya huku ukivuta majani ya pembeni. Ng'ambo, juu ya kilima, bibi alituonyesha moshi. "Ni pale kwake." Hakukuwa na daraja la kumpitisha ng'ombe. Baba mdogo alikunja suruali. Bibi alikaa chini, akaweka mikono juu ya fimbo, na kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Kanyosha nilimuona anaogopa.

Nikaingia mtoni na sufuria. Maji yalinifika magotini, kisha mapajani, baba mdogo akinishika sweta kwa nyuma. Nikageuka. Bisikwi alikuwa ukingoni, masikio mbele, analia ile sauti yake ndogo. Niliizamisha sufuria mpaka kingo zake zikapotea, maji ya sufuria na maji ya mto yakawa maji yale yale. Chumvi ilikuwa imekwisha. Nilikuwa na maneno tu.

"Njoo mama, njoo. Maji haya ni yako."

Aliweka mguu. Akautoa. Akaweka tena, na wa pili, akaja akitetemeka mwili mzima, akiinua magoti juu kama baba mdogo alivyopita kwenye matope siku alizokuwa bado na viatu. Alinifikia. Akateremsha pua ndani ya sufuria iliyozama, akanywa. Nikasikia kila funda likipita kooni mwake. Kisha akainua kichwa, matone yakidondoka, akaninusa uso, akasogea hatua pembeni, mahali ambapo mimi na sufuria yangu hatukuwepo, akainama akanywa mto.

Akanywa na akanywa. Bibi alipiga vigelegele mpaka ndege wakaruka. Baba mdogo aliniachia sweta ili apige makofi, nikaanguka majini chali, nikainuka nacheka na machozi yananitoka, na hakuna aliyejua maji yapi ni yapi. Hakunihitaji tena, na ni mimi niliyemfundisha.

Tukavuka sote, tukapanda mpaka kwenye ule moshi. Rafiki wa babu alikuwa uwanjani juu ya mkeka, amejifunika blanketi jua likiwaka. Bibi alipiga magoti na visigino vyake vile. Walishikana mikono kwenye viwiko kama watu wetu wanavyosalimiana kwa heshima. Halafu kibuyu kikafunguliwa, mirija ikatiwa, na bibi akasema maneno yote ambayo babu alitakiwa kuyasema. Mzee akanyoosha mkono, akagusa pua ya Bisikwi, akajinusa kiganja.

"Huyu ananuka bia kuliko mimi," akasema.

Akauliza jina lake. Watu wote wakanigeukia. Nilipolitaja, mzee alicheka mpaka wakamshika mgongo. "Mimi nilitoa ng'ombe! Mnaniletea biskuti!" Alipopumua akaniita karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mkubwa kwa mkubwa, "Anapenda nini?" Nikamweleza kwa Kirundi: chumvi kidogo, kati ya vidole viwili, na namna ya kumwita. Mzee hakujua Kiswahili, lakini alimwita mjukuu wake wa kike, wa umri kama wangu, akamwambia ajifunze maneno yale kwangu. Tulikaa zizini mimi na yeye tukirudia mpaka ulimi wake ukazoea.

Siku ya kuondoka, Bisikwi alikuwa mtoni na wengine. Nilisimama mbali nikamtazama. Hakugeuka. Iliniuma, na nilitembea nikiwa na furaha, vyote viwili pamoja ndani ya begi lile lililokuwa sasa limejaa mbaazi na viazi vya zawadi. Mzee yule alikuwa bado hai ndama wa kwanza wa Bisikwi alipozaliwa. Muuza viazi ndiye aliyetuletea habari, naye akasema ndama ni jike na rangi ni ile ile. Bibi alikuwa anakunywa chai. Kabla kikombe hakijafika mdomoni alilitaja jina la mzee.

Sasa bibi hayupo, na mzee hayupo. Baba mdogo bado ananyoa pale pale, na kila mteja mgeni lazima asikie alivyovuka Ruvyironza akiwa ameshika sweta ya mtoto. Nami kiangazi hiki niliwapeleka wale vijana wa Kinanira. Nilipotea mara kadhaa, sitakuficha. Mahali pengine njia yetu imekuwa barabara, pengine imekuwa shamba la mtu, pengine nyasi zimeifunga kwa sababu ng'ombe hawapiti tena. Siku hizi hawachungwi nje. Wanafungiwa, majani wanakatiwa na kuletewa. Tulitembea siku zile zote bila kukutana na ng'ombe hata mmoja njiani, na hakuna mtu aliyetusimamisha kutuuliza tunampeleka nani wapi. Nilikuwa na hadithi mdomoni kilima baada ya kilima, tayari kabisa, kama bibi.

Wale vijana waliponiona nimenyamaza waliniuliza kama nimechoka. Nikawahadithia wao. Wakaacha kutazama simu. Tulipofika mtoni, walisimama ukingoni na mabegi yao mazuri, kila mmoja anamngoja mwenzake. Nikaingia kwanza, nikageuka, nikawaita kama nilivyojua kuita. Walicheka, lakini walikuja, mmoja mmoja, wakiinua magoti juu. Na nikawaza, pale pale katikati ya mto, kwamba hii inaweza kuwa kazi yangu. Sabuni itafungwa na wengine. Mimi nitawaleta watu huku, na kila mmoja atajua kwa nini tulipita njia hii.

Juu kilimani uwanja ni ule ule, zizi limejengwa upya kwa mbao na bati. Yule mjukuu wa mzee alikuwa ameenda sokoni. Alikuwapo binti yake tu, mtoto wa miaka kama sita, ambaye hakutujua wala sisi hatukumjua. Alitusalimia kwa Kirundi, akaendelea na kazi yake. Aliburuta beseni la plastiki mpaka mlangoni mwa zizi. Akachota chumvi kutoka kwenye kikopo, kidogo tu, kati ya vidole viwili. Ndani, gizani, kilisimama kitu chenye rangi ya biskuti.

Mtoto akainama juu ya maji, na kwenye kilima kile ambako hakuna anayejua Kiswahili, akaita kwa sauti nyembamba, kama wanavyoitwa ng'ombe tangu dunia iwepo:

"Njoo mama, njoo. Maji haya ni yako."